Mjomba Aliyeacha Kuandika

Alasiri, nikishaoga vumbi la salfa tunayopulizia mikorosho na kusali, huwa natoka na simu hadi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Chini ya kichuguu simu yangu ni tochi tu. Nikipanda, inaanza kutetema na maneno ya kutwa nzima yanaingia kwa mkupuo, kama watu waliokuwa wamebanwa mlangoni.

Mengi ya maneno hayo yalikuwa yanatoka kwenye grupu la watu wa kijiji chetu, huku kata ya Ziwani. Lilianzishwa na vijana walioko Dar es Salaam wakati wa kuezeka madrasa. Madrasa ilipopata bati, grupu likabaki wazi, na watu wetu waliotawanyika Tunduru, Dodoma, Tanga hadi ng'ambo ya Ruvuma wakawa wanakutana humo. Mimi sikuwa msemaji sana. Lakini nyumba yangu haina mtu mwingine, na jioni nikisoma salamu za watu wale nilikuwa nawaona kama wamekaa barazani kwangu.

Siku moja ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye mihogo ya bondeni. Hawakula sana, ila walikanyaga matuta yote ya mjane mmoja jirani yangu. Nikapanda kichuguu nikaandika: "Ngombe wameingia kwenye miogo ya watu huku bondeni tunaomba mlioko mjini mtupigie simu halmashauli."

Wa kwanza kujibu alikuwa Myao mmoja aliyeoa kijijini kwetu, sasa anaishi Dar. Aliandika, "Hao ngombe ni wanyama gani? Sisi tunafahamu ng'ombe." Akaweka vile vinyago vya kucheka hadi machozi. Mwingine akauliza hiyo halmashauli iko mkoa gani. Kisha akaja mtu aliyesoma, akaeleza kwamba ile alama inayokosekana inaitwa ritifaa, na kwamba bila hiyo neno halitamkiki. Mwingine akasema ritifaa ni jina la vitabuni, yeye shuleni aliambiwa ni mkato wa juu. Wakakamatana hapo. Wakaletana mifano, ng'oa na ngoa, ng'ambo na ngambo, wakaitana wajuaji, mmoja akatishia kujitoa kwenye grupu. Adhana ya magharibi ilipigwa hawajamaliza. Ng'ombe wenyewe tulikuwa tumeshawatoa kwa fimbo.

Sikuumia. Myao ni mtani wetu. Akinicheka anafanya kazi yake, na angenicheka hata kwenye matanga akasamehewa. Nikamwandikia, "Njoo huku uwafundishe hao ngombe jina lao." Watu wakacheka, yeye akasema, "Mmakonde huyu hashindwi." Nikawa radhi kabisa.

Ndipo likaja neno la mdogo wangu wa kike, anayenifuata. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huko Dodoma. Aliandika chini ya ujumbe wangu, "Kaka, ni ng'ombe, mihogo, halmashauri. Tujitahidi kuandika vizuri jamani, watoto wetu wanasoma humu." Watu wakamwinulia vidole gumba. Wakaandika, "Asante mwalimu," mmoja baada ya mwingine, na hata yule mtani akaandika hivyo hivyo, kwa adabu, hana tena mzaha.

Nikaandika, "Sawa." Nikashuka.

Sijui kwingine, lakini kwetu mdogo akiona mkubwa amekosea mbele za watu, hunyamaza. Baadaye humfuata uani, akamwambia, kaka, lile neno halikukaa vizuri. Mkubwa akakubali au akakataa, lakini wako wawili tu. Sikumkasirikia mdogo wangu. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na kazi yake ya kila siku ni hiyo, kusahihisha. Ila kwa miaka mingi mimi ndiye niliyesimama kati yake na watu. Sikujua nifanye nini siku aliyosimama na watu akanitazama pamoja nao.

Tulifiwa na baba kwanza, mama akafuata kabla mvua hazijarudi. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wangu alikuja nyumbani kuuliza mbona sionekani, akanikuta namenya mihogo ya kuanika makopa, wadogo zangu wawili wamekaa kwenye kinu kilicholazwa. Alinitazama, akawatazama wale, akaniuliza makopa yatatosha hadi lini. Hakutaja shule. Tangu hapo nimejisomea magazeti yaliyofungiwa dagaa na maandishi ya kwenye viroba vya dawa ya mikorosho. Kusoma nasoma vizuri. Kuandika ni kitu kingine, kunataka mtu wa kukuangalia.

Niliwahi kuoa. Lakini kwetu mwanamume akioa ndiye anayehama, anakwenda kujenga kwa kina mke wake. Nilimwomba mke wangu anisubiri wadogo zangu wakue kidogo, nisiwaache peke yao na nyumba. Alisubiri. Alikuwa akija kwangu na kurudi kwao, anakuja na kurudi, hadi siku moja wazazi wake wakamwambia mume asiyehama si mume, naye akawa amechoka. Hatukugombana. Hatukujaliwa mtoto pia. Kwa hiyo katika tumbo la mama yetu, mjukuu aliyepo ni mmoja tu, binti wa huyo mdogo wangu mwalimu. Kwa desturi yetu ukoo unapita kwa mama, na mtoto wa dada ni mtoto wa mjomba wake. Yule binti ndiye ninayemwita wangu.

Baada ya mambo ya ng'ombe niliacha kuandika. Nilijaribu kutuma sauti. Mdogo wangu wa kiume, aliyeko Dar kwenye ofisi ya kupokea na kusafirisha mizigo, akaniambia, "Kaka, sauti zako ndefu, zinakula bando. Halafu jogoo anakuzidi. Andika tu." Alisema kwa upendo, nami nilicheka, lakini nikaacha na sauti.

Nikabaki kusoma. Msomaji asiyeandika huanza kuona vitu. Niliona huyo mdogo wangu wa kiume naye anaandika "xawa" na "2po pamoja," herufi na tarakimu zimechanganyika kama mchele na choroko, na hakuna anayemsahihisha. Kukosea kwake kulikuwa ni kwa kutaka, kama mtu anayevaa suruali iliyochanika kwa makusudi. Yangu ilikuwa imechanika tu. Watu wanajua tofauti hata kama hawaisemi.

Kiangazi kikapita hivyo, na masika. Kisha mdogo wangu mwalimu akanipigia simu kunieleza kwamba binti amepata mchumba. Kijana ni Mmakua wa Mpapura, huku huku kusini kwetu, anafanya kazi serikalini huko huko Dodoma. Nilifurahi. Nikauliza maswali mawili matatu, mtandao ukakatika. Kesho yake nilijikuta nimeingizwa kwenye grupu jipya, la kamati ya harusi.

Huko kulikuwa na moto. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mtu wa chakula, mtu wa mapambo. Walijadili rangi ya vitambaa vya sare, wakaikataa ya zambarau, wakairudia. Baba wa binti, mtu wa Tanga, mpole sana, aliandika kwamba yeye kama baba ameridhia, na tarehe ikapangwa. Watu wakashangilia. Mimi nilisoma yote. Kila siku nilikuwa napanda kichuguu, nasoma hadi mwisho, nashuka.

Niseme jambo ambalo msomaji wa mbali hawezi kulijua. Baba ana haki yake, na ndoa ya Kiislamu haifungwi bila walii. Lakini kwetu, posa haijajibiwa mpaka mjomba wa binti atamke. Baba anaweza kuridhia mwezi mzima, bado wazee wa upande wa pili wanasubiri sauti moja. Mjomba akinyamaza, hajakubali. Wazee wetu wengi hawakatai kwa maneno. Kumwambia mgeni "hapana" ni kumvunjia heshima. Mjomba asiyetaka anazungumza habari za mvua na bei ya korosho hadi wageni wanaelewa wenyewe, wanaaga.

Mdogo wangu alilijua hilo. Amekaa Dodoma miaka mingi, lakini alilijua. Baadaye aliniambia jinsi alivyofikiri: kaka yumo kwenye grupu, anasoma kila kitu, alama zinaonyesha amesoma, angekuwa na neno angelisema. Kwa mume wake, na kwa kamati yote ya Dodoma, mtu akisoma asipinge, jambo limepita. Nami nilifikiri wao wamekwisha kupanga, mimi wameniweka humo nishuhudie. Nani angehitaji neno langu, na tena lenye makosa, katikati ya watu wanaoandika vile?

Asubuhi moja nikiwa napuliza salfa kwa mashine, niliona bodaboda inaingia na mzee amekaa nyuma, kofia mkononi ili isipeperuke. Alishuka, akajipangusa magoti, akanitazama nilivyokuwa mweupe kwa unga wa dawa kuanzia nyusi hadi viatu.

"Wamakonde mnaoka mikate siku hizi?" akauliza.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mimi natoka Mpapura. Yule kijana aliyeposa kwenu ni mtoto wa dada yangu."

Nikazima mashine. Nikamkaribisha, nikamwekea mkeka, nikanawa, nikarudi na maji na mihogo ya kuchemsha. Alikula polepole. Alisifu mihogo, akasema ya Mpapura inaiva upesi zaidi lakini haina mafuta hivi. Nikasema hajaonja ya bondeni. Tuliongea kwanza juu ya mvua, na nilipogundua tunaongea juu ya mvua, nilianza kuingiwa na wasiwasi, maana nilimwona ananisikiliza kama anayepima kitu.

"Njomba mwenzangu," akasema hatimaye, "mimi kwenye lile grupu nimo. Mpwa wangu aliniingiza. Nimesoma habari ya vitambaa hadi macho yameuma. Nimesoma baba wa binti amekubali, nimemheshimu. Lakini nasubiri mtu mmoja tu, na huyo mtu haandiki hata 'sawa.' Nikasema labda amekufa, mbona hawakututangazia? Nimekuja kuona kaburi."

"Nipo."

"Nakuona upo. Unasoma?"

"Nasoma kila siku."

"Basi umetukataa."

Alisema hivyo bila ukali, akachukua kipande kingine cha muhogo. Akaniambia dada yake, mama wa kijana, amekwisha kulia. Wazee wa Mpapura wamekaa wakasema, binti yule ana mjomba na mjomba ananyamaza, tusilazimishe. Kijana atafutiwe kwingine kabla ya aibu. Yeye ndiye aliyewaomba wamwache aje kwanza kuuliza kwa mdomo.

Nikamwona yule binti, wangu wa pekee, anapelekewa habari kwamba ameachwa, na sababu ni mjomba wake wa Ziwani. Hata asingejua alichokosea.

"Sijakataa," nikamwambia. "Wallahi sijakataa."

"Sasa?"

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na umri wa kutosha kutoona haya mbele ya mzee, lakini niliona. "Nikiandika wananisahihisha," nikasema.

Alitafuna kwanza, akameza. "Nani?"

"Mdogo wangu. Na wengine."

Nilifikiri atacheka, kwa kuwa Wamakua na sisi tunataniana na nafasi ilikuwa nzuri. Hakucheka. Alisema, "Mimi nilimwomba imamu aniandikie salamu za kwanza, akaniwekea maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Mpwa wangu akanipigia kuuliza kama niko mzima." Kisha akanyoosha miguu. "Unaweza kunipa neno hapa, nikalibeba. Lakini Mpapura wataniuliza, mbona humo ndani ameongea kila mtu, yeye akuambie wewe pembeni? Ni vizuri wakuone."

Tulikwenda wote kwenye kichuguu. Alipanda kwa kushika bega langu. Niliandika nikiwa nimesimama, naye akitazama upande wa mihogo, hakuchungulia. Niliandika hivi: "Mimi njomba wa bint nimelidhia kijana wa Mpapura amuowe na wazee wa kule wamepokelewa kwa mikono miwili. Nilichelewa kusema."

Nilisoma tena. Nilijua yamo makosa, sikujua yamekaa wapi. Nikatuma.

Tuliona alama za watu kusoma, mmoja baada ya mwingine. Kisha simu ya yule mzee ikalia, akaisikiliza, akacheka peke yake. "Dada yangu," akaniambia, "anapiga vigelegele, lakini mtandao unavikata." Kwenye grupu baba wa binti akaandika, "Alhamdulillahi, shemeji." Kisha zikafuata Amina nyingi, za watu wote, hadi ukurasa ukajaa.

Mzee alikataa kukaa hadi mchana. Nilimfungia mihogo ya bondeni akaionyeshe Mpapura. Akiwa ameshapanda bodaboda alisema, "Siku ya harusi jioshe. Watafikiri tumeoa kwa mwokaji."

Mdogo wangu alinipigia jioni hiyo hiyo. Alikuwa analia, hataki nijue.

"Kaka, kumbe walikuwa wanakusubiri wewe."

"Ndivyo mila ilivyo."

"Najua ilivyo. Mbona hukunipigia?"

"Niliona mmeshapanga."

Kisha akasema, "Ni kwa sababu ya ule ujumbe wa ng'ombe."

Sikutaka kumdanganya, wala sikutaka kumpa mzigo. Nikasema, "Ungeniita pembeni tu."

"Nisamehe, kaka. Nimeshawaambia wote, huku kwenye kamati na kule kwenye grupu la kijiji. Hakuna wa kumsahihisha kaka tena. Hakuna wa kumgusa."

Nilimwambia haina haja. Akasema ipo. Tuliongea juu ya binti, juu ya safari, akanisisitiza nipande basi la asubuhi. Tulipoagana nilikuwa nimefurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Harusi ilikuwa imebaki mahali pake na binti hakujua kilichotaka kumpata.

Ila alifanya kama alivyoahidi, na alifanya kwa ukamilifu, kama afanyavyo kila kitu. Sasa nikiandika kwenye grupu la kijiji, hata neno moja, watu wanajibu, "Shikamoo mjomba," na "Ahsante kwa busara zako." Niliandika kwamba kisima cha chini kimeanza kutoa maji ya chumvi, nikajibiwa Amina. Yule mtani wangu Myao, niliyekuwa namtegemea, ananiita mzee wetu. Nilimchokoza kwa makusudi, nikamwandikia kwamba Wayao ndio waliokunywa maji matamu yote. Akaandika, "Nakusalimu sana mzee wetu." Ni kama nimeingia chumba ambamo vijana walikuwa wanacheka, wote wakanyanyuka kunipisha kiti, na kiti hicho kiko mbali na wengine.

Wiki hii, kwenye grupu la kamati, mdogo wangu wa kiume alituma ujumbe, kisha akaufuta haraka na kuandika, "Samahanini, hiyo ilikuwa ya kule." Nilikuwa nimeshausoma. Aliandika, "Mjomba mtu atakuja na lile koti la harusi yake, tukodi gari mbili, moja la mjomba, moja la koti." Sikuuliza kule ni grupu gani. Niliwafikiria tu wadogo zangu wawili wamekaa huko na watu wao, wananicheka vizuri kabisa, kwa herufi wanazozitaka, na kwamba mimi ndiye pekee niliyekosa kucheka.

Koti hilo lilitafunwa na panya zamani, wao hawajui. Jibu ninalo, na ni zuri kuliko mzaha wake. Nilianza kuliandika, nikaona wataniletea Amina, nikalifuta. Tiketi nimeshakata. Nikifika Dodoma nitamwambia mdogo wangu kwa mdomo, mbele ya dada yake, kabla hawajanionyesha pa kukaa.